Sungura Aliyebaki Nyuma

Msusi aliivuta kofia yake ya kukimbilia mpaka ikakaribia kufunika jicho la kushoto, akainama kubandika namba yake kifuani kwa pini, huku akiomba kimoyomoyo asije mtu yeyote kumsaidia. Akaja yuleyule ambaye hakutaka amwone katika hali hiyo, na ambaye tangu alfajiri hakuwa amefikiria mwingine.

"Umeiweka upande," alisema Fundi. "Lete nikubandike."

Fundi alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha. Mikono yake ilijaa vidoa vya cheche mpaka kwenye viwiko, lakini kwenye pini nne za namba alikuwa na adabu ya ajabu. Hakuna hata moja iliyogusa ngozi. Alipomaliza ya nne akainua uso amtazame vizuri, na hapo kofia haikumfaa Msusi kitu. Shavu lilikuwa limevimba kuanzia chini ya jicho hadi kwenye taya, na alama za vidole zilikuwa bado zinaonekana.

"Nani?"

"Unamjua."

"Jana? Baada ya sisi kuondoka?"

"Hata vikombe nilikuwa sijatoa mezani."

Jana yake mchana Fundi alikuwa amekwenda kwao Msusi pamoja na shangazi yake, wamevaa wamependeza, kupeleka posa. Aliyewapokea alikuwa kaka yake Msusi, ambaye tangu baba yao afariki ndiye aliyekuwa na sauti ndani ya nyumba ile. Kaka mtu alitabasamu tangu mlangoni. Alimwita shangazi "mama yangu", akawamiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, akasema jambo la heri halikataliwi haraka, wampe nafasi alifikirie. Akawasindikiza mpaka getini. Aliporudi ndani alianza kumpiga Msusi.

Mtu huyo alikuwa na bucha, na alikuwa nahodha wa klabu yao ya kukimbia, kwa hiyo watu wote walimwita Nahodha, hata mama yake mzazi. Kabla ya Fundi walikuwa wamekuja wachumba wawili. Wa kwanza aliondoka na jino pungufu, wa pili akahama mtaa bila kuaga. Kwenye klabu walilifanya jambo hilo mzaha, wakisema ukimtaka dada wa Nahodha uanze kwanza kwa daktari wa meno. Ni rahisi kumcheka mtu ambaye hulali naye nyumba moja.

"Leo simvuti," alisema Fundi.

"Usianze mambo."

"Nimesema simvuti. Akatafute sungura mwingine."

Katika klabu yao, mtu anayetangulia mbele ya mwenzake ili kumwekea mwendo waliita sungura. Sungura ndiye anayetazama saa, ndiye anayekata upepo, na wakikaribia mwisho hujitoa pembeni ili mwenzake apite akapigiwe makofi. Fundi alikuwa sungura wa Nahodha kwa miaka, na kazi hiyo aliifanya bila kinyongo. Na leo Nahodha alikuwa ameitangazia klabu nzima kwamba atakuwa wa kwanza miongoni mwa waliovuka miaka arobaini. Alikuwa amelisema hilo mara nyingi mno kiasi kwamba sasa hakuwa na mahali pa kurudi.

"Nitaanza naye ili asishtuke," Fundi aliendelea kwa sauti ya chini. "Tukishapita kona ya kwanza nitajifanya nafunga kamba za kiatu. Yeye ataendelea. Mimi nitakungoja wewe. Leo nakuvuta wewe."

"Atakuua akijua."

"Hatajua. Wewe umewahi kumwona kaka yako akikimbia? Hatazami kitu isipokuwa visigino vyangu. Hata tembo akipita pembeni yake, atasimuliwa jioni."

Msusi alicheka, shavu likamuuma, akaacha. Alimtazama mwanamume huyu aliyesimama mbele yake katika bukta iliyopauka, na moyo wake ukajaa mpaka akaona haya. Alimpenda. Alimpenda kwa jinsi alivyouliza mambo kisha akangoja jibu, maana nyumbani kwao hakuna aliyewahi kungoja jibu.

"Basi niahidi jambo moja," alisema. "Hata iweje leo, usimwinulie mkono. Baba alikuwa hivyohivyo. Nimekulia ndani ya hizo kelele. Nataka mwanamume mmoja tu maishani mwangu ambaye sijamwona akipiga."

"Naahidi."

"Hata akikuvunja?"

"Hata akinivunja. Na wewe nipe jibu. Shangazi alimuuliza kaka yako, sawa, hiyo ni adabu. Mimi nakuuliza wewe. Utaolewa na mimi?"

"Nitakujibu kwenye mstari wa kumalizia."

"Kwa nini si sasa?"

"Kwa sababu ukisikia sasa utakimbia ovyo," alisema Msusi, akageuka haraka ili Fundi asimwone uso.

Barabara ya mbio ilikuwa ile ya maghala, pana, iliyonyooka ukishapita kona ya kwanza, isiyo na mti hata mmoja. Walikuwa wamepanga koni katikati tangu mwanzo hadi mwisho wake. Wakimbiaji walikwenda kwa upande wa kushoto mpaka kwenye mzunguko wa kituo cha mafuta, wakageuka, wakarudi kwa upande wa kulia mpaka walipoanzia. Kipyenga kilipolia Msusi aliwaona wawili wale wakitoka pamoja mbele kabisa, Fundi mbele, Nahodha nyuma yake. Baada ya kona ya kwanza alimkuta Fundi amechuchumaa ukingoni, anavuta kamba za viatu ambazo hazikuwa zimelegea hata kidogo.

"Twende, mama," alisema akiinuka. "Kaa nyuma ya bega langu. Usinipite na usiachwe."

Wakaenda. Hakuna aliyewahi kumkatia Msusi upepo. Kila Jumapili alikimbia mwishoni na wanawake wa saluni, akibishana nao kuhusu nywele za bandia mpaka pumzi zikawaishia wote. Leo alikuwa na mgongo mbele yake uliopunguza mwendo mara tu alipochoka, kabla hajasema amechoka.

"Vyumba ni viwili," Fundi alisema bila kugeuka. "Nyuma ya karakana. Kelele mchana zipo, sitakudanganya."

"Nani kakuambia nakuja?"

"Nasema tu. Kwa mtu yeyote atakayekuja."

"Na huyo mtu yeyote atapata dirisha?"

"Mchomeleaji akose dirisha? Atapata matatu."

Alicheka tena, na mara hii hakusikia maumivu ya shavu. Alijiona yuko ndani ya vyumba hivyo viwili, na asubuhi isiyo na mtu wa kusikilizia hatua zake. Kama kungekuwa na mstari wa kumalizia hapo hapo, angemjibu.

Lakini wote wawili walikuwa wamekosea hesabu, na kosa lenyewe ni la watu wa mbio. Nahodha hakuwa akitazama mbele kwa sababu kila mara alikuwa na visigino vya kutazama. Leo havikuwepo. Alikimbia kilomita nne nzima upepo ukimpiga usoni, akigeuka kumtafuta sungura wake, akipitwa na watu ambao huwa hawampiti, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo aliinua macho. Alipogeuka kwenye mzunguko na kuanza kurudi, aliona kila mtu aliyekuwa akija upande wa pili wa koni, mmoja baada ya mwingine. Akawaona.

Msusi alimwona Nahodha kabla ya Fundi. Alikuwa karibu na kibao cha kilomita, mbele kidogo ya meza ya maji, na uso wake ulikuwa umejaa povu na jasho. Nahodha hakupunguza mwendo. Aliruka koni kama mtu anayeruka mfereji, mwanamke mmoja aliyekuwa akipita akapiga yowe, na kiwiko cha Nahodha kikamfikia Fundi chini ya kidevu.

Fundi alianguka chali, kichwa kikagonga lami. Alijaribu kuinuka kwa kiwiko.

"Shemeji, nisikilize."

"Usiniite shemeji." Teke la kwanza liliingia mbavuni. "Nakuweka mbele yangu kila wiki, kumbe unazunguka nyuma." La pili. "Mbele ya watu. Mbele ya klabu yangu."

"Kaka, mwache, mimi ndiye mwenye kosa," Msusi alilia, akimvuta kwa fulana. Nahodha alimshika usoni kwa kiganja, kwenye shavu lilelile, akamsukuma. Alianguka juu ya koni, akachubuka magoti yote mawili.

Wanaume wawili wa klabu walisimama kuamulia. Mmoja alipigwa pua, akakaa chini akiishika, damu ikamtoka katikati ya vidole. Mwenzake akarudi nyuma. Wengine walikwepa na kuendelea mbele wakitazama saa zao, kwa maana mtu akishalipia fulana na namba huwa mgumu kusimama.

Nahodha alikuwa amempanda Fundi kifuani sasa, na anapiga kwa ngumi, polepole, bila kelele, kama anavyokata nyama buchani. Jicho moja la Fundi lilikuwa limefungana. Mdomo umepasuka. Na mikono yake, ile mikono iliyozoea kunyanyua mageti ya chuma, alikuwa ameikunja juu ya kichwa, vidole vimeshikana kwa nguvu mpaka vimekuwa vyeupe. Ndipo Msusi alipoelewa. Fundi hakushindwa kupigana. Alikuwa amejifunga mwenyewe kwa neno alilompa asubuhi.

"Jitetee," alimwambia. "Fundi, jitetee, nimekuachilia ahadi. Unanisikia?"

Hakusikia, au alisikia na hakutaka.

Msusi akageuka kwenye meza ya maji. Aliyekuwa nyuma ya meza hiyo na jagi mkononi alikuwa mama yake. Mama alijitolea kugawa maji kila mwaka, kwa sababu ya mwanawe. Alikuwa ameona tangu mwanzo.

"Mama, mwambie aache. Wewe atakusikia."

"Muache amalize," alisema mama. Hakuwa na hasira wala huzuni, alisema kama anayeeleza jinsi ya kupika. "Akizuiwa ndipo anapozidi. Akimaliza mwenyewe hutulia. Vumilia, mwanangu."

Sauti hiyo ndiyo iliyomtoa Msusi akili. Alikuwa ameisikia utoto wake wote kupitia mlango wa chumba cha wazazi, maneno ni yaleyale, yakimnyamazisha yeye na kaka yake wakiwa wamekumbatiana chini ya kitanda. Kaka yake alikuwa akitetemeka siku zile. Alikuwa akimziba masikio dada yake kwa mikono yake miwili.

Alikwenda kwenye kibao cha kilomita. Kilikuwa kimesimamishwa kwa bomba la chuma lililochomekwa kwenye ndoo ya mchanga. Alilichomoa. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani, na uzito wake ulimfurahisha. Hilo ndilo alilokuja kulikumbuka baadaye kwa hofu kuliko yote, kwamba lilimfurahisha.

Pigo la kwanza lilimpata Nahodha mgongoni, akageuka. La pili lilimkuta anainuka, likatua kwenye goti. Kila aliyekuwa karibu alisikia lilivyolia. Nahodha aliketi chini ghafla, mguu umekaa upande ambao mguu haukai, akafungua mdomo lakini sauti isitoke.

"Inuka," alisema Msusi. "Inuka unipige. Si ulinipiga jana? Inuka."

Akainua bomba mara ya tatu, juu ya kichwa. Hakuwa akilenga mguu tena.

Bomba halikushuka. Mtu alikuwa amelikamata kwa nyuma. Msusi aligeuka nalo kwa nguvu zake zote kumpiga huyo aliyelishika, yeyote awaye, na akajikuta uso kwa uso na Fundi, amepiga magoti, damu imemjaa shingoni, ameng'ang'ania chuma kwa mikono miwili.

"Basi," alisema Fundi. "Basi, mpenzi. Inatosha. Ni mimi."

Walivutana. Ulipita muda ambao hakuna hata mmoja wao angeweza kusema ulikuwa mrefu kiasi gani. Kisha vidole vya Msusi vikalegea, bomba likaanguka na kubingirika mpaka kwenye koni.

Nahodha alianza kucheka. Alikuwa amelala ubavu, ameshika paja kwa mikono yote, meno yanagongana kwa maumivu, na anacheka machozi yakimtoka.

"Mama," aliita. "Mama, umemwona? Miaka yote unasema mimi ndiye nimemrithi baba. Mtazame huyo. Huyo ndiye mtoto wake."

Mama alikuwa ameacha jagi. Alikuja mbio akapiga magoti penye kichwa cha mwanawe, akamfuta jasho kwa upindo wa nguo yake.

"Umemvunja ndugu yako," alimwambia Msusi. "Hatakimbia tena huyu. Umemvunja ndugu yako kwa ajili ya mtu wa nje."

"Jana aliponivunja mimi ulikuwa umekaa kiti gani, mama?"

"Nilikwambia uvumilie. Mimi nimevumilia baba yenu mpaka kaburini."

"Ndiyo," alisema Msusi. "Na ona ulichokivuna. Mmoja yuko chini, na mwingine ndiye aliyemweka chini."

 Mama aliendelea kumfuta mwanawe paji la uso ambalo halikuwa na jasho tena. Mtu alikuwa ameshapiga simu, na mbali kule mwanzo wa mbio ving'ora vilianza kusikika.

Fundi alikuwa amekaa juu ya ukingo wa barabara, anapumua kwa mdomo kwa sababu mbavu zilimkatalia. Msusi alikwenda, akapiga magoti mbele yake juu ya magoti yaliyochubuka. Alitaka kulia kifuani pake. Alitaka kumwomba radhi kwa kila pigo. Damu ilikuwa ikimtiririka kutoka kwenye nyusi kuingia katika jicho moja lililobaki wazi, basi akainua mkono ampanguse.

Kichwa cha Fundi kikarudi nyuma.

Kilirudi haraka, kidogo tu, bila mwenyewe kukusudia. Mtu mwingine asingeligundua hilo. Lakini Msusi aliijua hali hiyo vizuri, maana ndivyo kichwa chake mwenyewe kilivyorudi nyuma maisha yote kila mtu wa nyumbani kwao alipoinua mkono, hata kama ni kuchukua chumvi mezani. Mkono wake ulibaki hewani.

"Unaniogopa."

"Hapana. Ni hili jicho, halioni vizuri. Nimeshtuka tu."

"Hujawahi kunidanganya. Usianze leo."

 Fundi alikuwa anampenda, hilo halikujificha hata katika uso ule uliopondwa, na ndilo lililofanya jibu lake liume.

"Ndiyo," alisema. "Pale nilipokamata bomba. Ulinigeukia, na nikaona hukunijua."

"Nilikujua." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hilo ndilo baya. Nilikujua kabisa, na bado nilitaka kukupiga."

Gari la wagonjwa lilikuwa limeshafika kwenye koni, dereva anabishana na wakimbiaji wapishe. Fundi alinyoosha mkono uliokuwa na vidole bado vimekufa ganzi, akamshika kiganja. Kiganja kile kilikuwa na alama nyekundu ya bomba kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Uliniahidi jibu," alisema. "Lakini si lazima iwe leo."

"Jibu lilikuwa ndiyo. Tangu jana, tangu shangazi yako alipokaa kwenye kiti chetu kibovu na hakusema kitu, lilikuwa ndiyo."

"Lilikuwa?"

"Bado ni ndiyo. Sina jingine na sitakuwa nalo." Machozi yalikuwa yakimshuka, hakuyafuta. "Lakini siji kwenye vyumba vyako viwili na mkono huu. Wewe ulikaa chini ukapondwa kwa sababu ya neno ulilonipa asubuhi. Mimi sina neno kama hilo la kukupa. Nikikupa sasa nitakuwa naropoka."

"Utakwenda wapi? Pale huwezi kurudi."

"Nitalala saluni. Kuna kochi. Wewe njoo unitembelee, njoo kila siku ukitaka, kaa tuongee, niudhi, nikasirike. Siku nitakayokuwa nimekasirika nawe kwelikweli, nikainua mkono kuchukua kitana, na kichwa chako kisirudi nyuma, siku hiyo niulize tena."

"Na kama siku hiyo haiji?"

"Basi utakuwa umeokoka," alisema Msusi.

Wauguzi wawili walifika na machela, wenzao wakaenda kwa Nahodha. Walimwinua Fundi kwa makwapa, akagumia, na Msusi akasogea nusu hatua kumsaidia kisha akajizuia. Alisimama pembeni akimtazama mpaka walipomwingiza, mikono yake yote miwili ameifunga nyuma ya mgongo, na hakuifungua mpaka mlango wa gari ulipofungwa.